Meza ya msoma prufu: vifaa vya kununua kwanza na vya kuacha

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninasoma prufu, yaani kurasa za majaribio kabla hazijachapwa, nikiwa nyumbani, Morogoro. Kazi zangu ni vitabu vya shule na ripoti za mashirika. Nyingine huja kwa karatasi, nyingine kwa PDF. Nina kompyuta mpakato, meza ya kulia chakula na kiti cha plastiki. Baada ya saa mbili macho yananiwasha, shingo inakaza na makosa yanaanza kunipita. Nimetenga shilingi laki mbili kwa ajili ya vifaa vya mezani. Rafiki yangu amenishauri ninunue skrini ya pili, miwani ya kuzuia mwanga wa buluu na vipokea sauti vya kuzuia kelele. Nianze na kipi?

Jibu: Marahaba, na nakushukuru kwa kuuliza kabla hujaenda dukani. Katika orodha uliyopewa, skrini ya pili inafaa lakini si sasa, miwani ile haitatibu tatizo uliloeleza, na vipokea sauti unavihitaji kwa sababu tofauti kabisa na kelele. Vitu vitakavyokuondolea shida havimo katika orodha hiyo: kibao cha mteremko cha kuwekea karatasi, kifuniko cha mstari, na taa ya mezani iliyowekwa mahali pake. Viwili vya kwanza ni vigumu kuvipata katika maduka yetu ya vifaa vya ofisini, ila unaweza kutengenezewa na fundi au kujitengenezea mwenyewe, na ndiyo maana nitavieleza kwa kirefu kuliko vingine.

Tukubaliane kwanza juu ya kipimo. Kwa mtu anayeingiza takwimu, tija ni kumaliza mapema. Kwa msoma prufu, tija ni kutolazimika kurudia ukurasa uliokwisha kuusoma, na zaidi ya hapo ni kutoacha kosa ambalo mtu mwingine atalilipia baadaye, awe mchapishaji anayelazimika kuchapa upya kurasa nzima au mwanafunzi wa darasa la nne anayekariri kosa akidhani ni Kiswahili. Kwa hiyo kila kifaa unachotaka kukinunua kiulize swali moja: je, kitalifanya jicho langu likae juu ya mstari mmoja kwa muda unaotosha, bila mwili kuniuma? Kisichosaidia katika hilo kinaweza kusubiri.

Nianze na kibao, kwa sababu kinagusa shingo, macho na usahihi kwa pamoja. Sehemu kubwa ya kazi yetu ni kulinganisha: huku kuna muswada uliohaririwa, kule kuna prufu iliyotoka kwa mpangaji wa kurasa, na jicho linatakiwa kwenda na kurudi baina ya hizo mbili mara nyingi katika kila ukurasa. Karatasi ikilala bapa mezani, sehemu ya juu ya ukurasa huwa mbali na jicho kuliko sehemu ya chini, kichwa huinama kuifuata, na mgongo nao hufuata kichwa. Ukiwa unalinganisha karatasi na skrini hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa kila unapohama jicho hulazimika kujirekebisha kwa umbali mpya, nawe huupoteza mstari uliokuwapo. Hapo ndipo makosa makubwa hupita. Msomaji hurudi kwenye prufu akatua mstari mmoja chini ya pale alipoachia, hasa pale mistari miwili inayofuatana inapoanza kwa neno lile lile, na mstari mzima uliorukwa na mpangaji wa kurasa haugunduliki mpaka kitabu kiko madukani.

Mwambie fundi seremala akukatie plaiwudi yenye upana wa sentimita 46 na kina cha sentimita 32. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297, kwa hiyo karatasi mbili zikikaa bega kwa bega zinahitaji sentimita 42, na sentimita nne zinazobaki zinatosha kuacha nafasi katikati na kandokando. Upande wa chini aweke ukingo mwembamba wa kuzuia karatasi zisiteleze. Upande wa nyuma aweke miguu itakayouinua kwa sentimita 12, na kwa kina hicho utapata mteremko wa digrii 22 hivi. Ukipunguza sana faida yake inapotea, na ukizidisha sana mkono unaoandika unakosa pa kuegemea. Apige msasa vizuri, na akitaka kupaka vanishi apake isiyong'aa, maana ile inayong'aa hurudisha mwanga wa taa machoni. Kisha nunua vibanio viwili vya chuma, vile vyeusi vya ofisini, ubane karatasi upande wa juu. Kwa joto la Morogoro utakuwa na feni au dirisha wazi, na ukurasa ukipeperushwa katikati ya aya si rahisi kuwa na hakika ulikuwa umefika wapi.

Kompyuta mpakato nayo inahitaji kuinuliwa, kwa sababu skrini yake imeungana na kibodi na hivyo daima huwa chini mno. Ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho yako au uwe chini yake kidogo, na umbali uwe kama urefu wa mkono ulionyooshwa, yaani kati ya sentimita 50 na 70. Hapa usinunue kiegemeo kwanza. Rimu moja ya karatasi ya kawaida, ile ya karatasi 500 za gramu 80, ina unene wa sentimita tano hivi, na msoma prufu anayefanya kazi za karatasi hakosi rimu ndani ya nyumba. Weka mbili chini ya kompyuta, pima, ongeza ya tatu ikibidi. Kompyuta ikishainuliwa hutaweza tena kutumia kibodi yake bila kuyanyanyua mabega, kwa hiyo kibodi ya kuchomeka na kipanya cha kawaida ni lazima. Nunua za waya za bei nafuu, na uhakikishe tu kwamba kibodi ina safu ya tarakimu upande wa kulia, kwa sababu nitakazozieleza tutakapofika kwenye majedwali. Kibao cha karatasi ukiweke kati ya kibodi na skrini, si pembeni, ili kichwa kisigeuke bali macho tu yapande na kushuka.

Kuhusu kiti sitasema mengi. Kiti cha plastiki kwa kawaida huwa kifupi kwa meza ya kulia chakula, hivyo viwiko hubaki chini ya meza na mabega hupanda. Weka mto mgumu wa kukalia mpaka viwiko vilingane na uso wa meza, na miguu ikianza kuning'inia iwekee kibao cha kukanyagia.

Kifuniko cha mstari ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote hapa, nami nakihesabu kuwa ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote. Nunua manila nyeusi, ukate kipande cha urefu wa sentimita 25 na upana wa sentimita 8, na ukipenda kidumu kiwekee plastiki ngumu isiyong'aa. Kiweke chini ya mstari unaousoma, ukishushe mstari mmoja mmoja. Watu wengine hutumia rula, lakini rula ya plastiki inapitisha mwanga, na mstari unaofuata unaoonekana kupitia kwake unaendelea kuliita jicho. Chukua sentensi kama hii, ilivyopangwa katika prufu:

Mwalimu mkuu aliwaeleza wazazi wa
wa darasa la nne kwamba vitabu vya kiada
vilivyohifadhiwa katika maghala ya shule jirani
yaligawiwa mwezi Machi.

Kuna makosa mawili, na yote mawili hupenda kumpita msomaji anayesoma kwa mwendo wa kawaida. La kwanza ni "wa" iliyorudiwa mwishoni mwa mstari wa kwanza na mwanzoni mwa mstari wa pili. Jicho linapofika mwisho wa mstari huwa tayari limekwisha kurukia unaofuata, na "wa" mbili huhesabiwa moja. La pili ni "yaligawiwa". Kitenzi kimeitii nomino iliyo karibu nacho, maghala, badala ya nomino kinachoihusu, vitabu, na kwa kuwa "yaligawiwa" ni neno sahihi la Kiswahili, programu ya kukagua tahajia haitakuwa na la kusema. Sasa weka kifuniko chini ya mstari wa tatu. Unafika kwenye "jirani" na sentensi haijakamilika; akili inalazimika kusimama na kujiuliza ni kitu gani kinachozungumziwa, na inajibu kwamba ni vitabu. Unaposhusha kifuniko unatarajia "vi-", unakutana na "ya-", na kosa linajitokeza lenyewe. Kituo hicho cha nusu sekunde ndicho kinachopatikana kwa kipande cha manila, na kwa lugha yenye upatanisho wa ngeli kama yetu hakuna kifaa cha umeme kinachokishinda.

Kifuniko hicho hicho kina matumizi ya pili ambayo ni wachache wanaoyajua. Ukimaliza kusoma ukurasa, kigeuze kisimame wima, ufunike maandishi yote isipokuwa sentimita mbili za ukingo wa kulia, kisha ushuke ukitazama maneno yaliyokatwa tu. Programu nyingi za kupanga kurasa hukata maneno kwa kanuni za Kiingereza zisipoelekezwa vinginevyo, ndipo unapokuta "mwan-afunzi" badala ya "mwa-nafunzi", au "ng'om-be" badala ya "ng'o-mbe". Ukiwa umezama katika maana ya habari hutayaona makosa hayo. Ukitazama ukingo peke yake, utayaona yote.

Kwa kazi za kwenye skrini, kifuniko cha karatasi hakifai sana. Ukiwa na faili la Word unaweza kutumia Immersive Reader, ambayo ina kipengele cha kuacha mstari mmoja, mitatu au mitano tu ionekane na kufifisha mingine. Kwa PDF, punguza urefu wa dirisha mpaka ibaki mistari michache, na ukuze maandishi mpaka usilazimike kuisogelea skrini.

Tuje kwenye mwanga. Kiwango cha Ulaya cha taa za sehemu za kazi, EN 12464-1, kinataka kazi ya kusoma na kuandika ofisini ipate lux 500 (lux ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu) juu ya uso wa meza. Taa moja ya kati ya dari katika sebule zetu haifikii hapo, na mbaya zaidi huwa nyuma yako, hivyo kivuli cha kichwa chako kinaangukia prufu. Nunua taa ya mezani ya LED yenye shingo inayopindika, mwanga wake uwe mweupe wa wastani, yaani kelvin 4000 hivi. Namba hiyo huandikwa kwenye boksi. Iweke upande ulio kinyume na mkono unaoandikia, ili mkono usijitupie kivuli kwenye neno unalolisahihisha, na uishushe mpaka balbu yenyewe isionekane machoni. Kwa kuwa unategemea umeme unaoweza kukatika, chagua yenye betri ya kuchaji ndani yake. Kompyuta mpakato ina betri yake na itakungoja, lakini prufu ya karatasi gizani haisomeki, na mwanga wa tochi ya simu ni mkali mahali pamoja na hafifu pengine, jambo linalochosha macho haraka.

Mchana, meza ikae dirisha likiwa ubavuni mwako. Dirisha likiwa nyuma ya skrini utakuwa unapambana na mwangaza wa nje, na likiwa nyuma yako litajionyesha ndani ya skrini. Ukiwa na nafasi ya kuchagua chumba, katika maeneo yetu yaliyo karibu na ikweta dirisha la kaskazini au la kusini ni bora kuliko la mashariki au la magharibi, ambalo huingiza jua la moja kwa moja asubuhi au jioni.

Hapo ndipo ninaposema miwani ya kuzuia mwanga wa buluu uiache. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kutathmini utafiti wa afya, yaliyokusanya na kupima majaribio yaliyofanywa juu ya lenzi hizo, yalihitimisha kwamba huenda hazileti tofauti yoyote katika uchovu wa macho unaotokana na kompyuta kwa matumizi ya muda mfupi, zikilinganishwa na lenzi za kawaida. Macho yanayowasha baada ya saa mbili kwa kawaida huwa yamekauka, kwa sababu mtu anayekaza macho kwenye maandishi hupepesa kope mara chache kuliko kawaida. Geuza feni ipulize kuelekea miguuni badala ya usoni. Nunua saa ndogo ya jikoni ya kutegesha dakika, uitegeshe dakika 20, na ikilia utazame kitu kilicho mbali, mita sita au zaidi, kwa sekunde 20, huku ukipepesa. Nasema saa ya jikoni kwa makusudi, kwa maana simu inayokukumbusha kupumzisha macho ndiyo hiyo hiyo inayokuletea ujumbe, nawe ukishaushika hutairudia aya ukiwa na umakini ule ule. Kuwashwa kukiendelea hata baada ya mabadiliko haya, muone mtaalamu wa macho.

Na ikiwa umevuka miaka 40, au unaikaribia, fedha ya miwani ile ipeleke kwenye kipimo cha macho. Kabla ya kwenda, kaa mezani kwako na umwombe mtu akupimie kwa futi ya kamba umbali kutoka jichoni mpaka kwenye kibao, na kutoka jichoni mpaka kwenye skrini, kisha umpe mtaalamu namba hizo mbili. Miwani ya kusomea huandaliwa kwa kawaida kwa umbali wa sentimita 40 hivi, nao ni mfupi mno kwa skrini iliyo sentimita 60 kutoka jichoni. Watu wengi wanaolalamikia kiti na meza kumbe wanainamia mbele kwa sababu ya lenzi.

Kalamu zinastahili uangalifu kuliko zinavyopewa. Katika utaratibu wa Uingereza, ambao wachapishaji wetu wengi waliurithi, rangi ya wino ilikuwa inaeleza nani alipie sahihisho: nyekundu kwa kosa la mpangaji wa kurasa aliyeacha kufuata muswada, buluu au nyeusi kwa badiliko linalotoka kwa mwandishi au mchapishaji. Hata kama mteja wako hajakuagiza hivyo, ukirudisha prufu ya namna hiyo utakuwa umemrahisishia hesabu, naye atakukumbuka. Nunua zenye ncha nyembamba, milimita 0.5 au chini yake, kwa sababu nafasi baina ya mistari ni finyu na alama nene huzima neno la jirani. Jaribu wino kwenye karatasi ya prufu yenyewe kabla ya kununua nyingi, kwani karatasi nyepesi za bei ya chini hunywa wino wa jeli na kuupitisha upande wa pili. Jihadhari sana na kalamu zinazofutika kwa kusuguliwa. Wino wake hupotea kwa joto, kwenye nyuzi 60 hivi, na bahasha ya prufu iliyosahaulika juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani inaweza kufikia joto hilo, ikafika kwa mteja bila sahihisho hata moja. Kwa maswali kwa mwandishi tumia penseli, na kwa masahihisho tumia wino usiofutika. Alama zenyewe ziwe zile zinazoeleweka na mpangaji wa kurasa. Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 5776, na mashirika mengi ya uchapishaji yana karatasi yao ya alama. Iombe, na uibandike kwenye ukuta mbele yako mpaka uizoee.

Kwa kuwa unasoma ripoti za mashirika, weka mezani kikokotoo chenye vitufe vikubwa, au tumia safu ya tarakimu ya kibodi niliyoitaja. Jumlisha kila safu ya kila jedwali. Asilimia ambazo jumla yake ni 104, au bajeti ambayo sifuri moja imedondoka na 1,500,000 ikawa 150,000, ni makosa ambayo macho hayawezi kuyakamata kwa kusoma, na ndiyo yanayomwaibisha mteja mbele ya mfadhili kuliko herufi iliyokosewa. Kama jumla haitimii, usiirekebishe mwenyewe; weka swali pembeni kwa penseli. Kwa majedwali, kata kifuniko cha pili chenye kidirisha chembamba katikati, kinachoacha wazi mstari mmoja tu wa tarakimu.

Lenzi ya mkononi ya kukuza mara mbili au tatu inatosha kwa tanbihi za pointi nane, kutofautisha nukta na mkato, na kukagua kibainishi cha ng', yaani ile alama yake ya juu. Muswada uliopita katika mikono ya wachapaji watatu huwa na vibainishi vya sura tatu, kilichonyooka, kilichopinda, na kile cha mshazari kinachotoka kwenye kitufe kingine kabisa. Katika faili vitafute kwa kitufe cha kutafuta. Kwenye karatasi vitafute kwa lenzi.

Kisha iko karatasi moja ya A4 ambayo haiuzwi popote, nayo iwe mezani kila unapoanza kazi mpya. Igawe katika visanduku vya herufi, A-D, E-H, na kuendelea, na kila uamuzi unaoufanya kuhusu tahajia au mtindo uuandike humo pamoja na namba ya ukurasa ulipokutana nao kwanza. Je, kitabu hiki kinaandika "kwa hiyo" au "kwahiyo"? "China" au "Uchina"? "Asilimia 20" au "20%"? "Tarehe 5 Machi" au "Machi 5"? Kwenye ukurasa wa 12 unakumbuka ulichoamua, ila kwenye ukurasa wa 180, siku tatu baadaye, hukumbuki, na bila karatasi hiyo utarudi kufunua kurasa zote ulizokwisha kuzisoma. Ibane juu ya kibao ili isipotee chini ya prufu, na uitume kwa mteja pamoja na kazi. Kamusi mbili ziwe mahali unapozifikia bila kusimama: Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la tatu la mwaka 2013, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Andika juu ya karatasi yako ni ipi inayotawala pale zinapotofautiana, na umuulize mteja kabla ya kuanza. Neno unaloona uvivu kulitafuta kwa sababu kamusi iko chumba cha pili ndilo litakalokuponyoka.

Vipokea sauti navyo nina sababu ya kuvipendekeza, ingawa si ile ya rafiki yako. Kivinjari cha Microsoft Edge kina sauti za kompyuta zinazosoma Kiswahili kwa sauti, za Tanzania na za Kenya. Zile za Tanzania zimepewa majina ya Rehema na Daudi. Baada ya kumaliza kusoma PDF kwa macho, ifungue humo, uisikilize kwa kasi ndogo huku jicho likifuata maandishi. Sikio hukamata neno lililodondoka, "si" iliyopotea, na sentensi iliyokatika njiani, kwa kuwa mashine haijazii kilichokosekana kama akili ya mtu inavyofanya. Hukamata pia "akuna" iliyotakiwa kuwa "hakuna" na "uliahilishwa" iliyotakiwa kuwa "uliahirishwa". Halikamati herufi kubwa, nukta mbili wala mkato, kwa hiyo usikilizaji uje baada ya kusoma na usichukue nafasi yake. Kwa kazi hii vipokea sauti vya kawaida vya waya vinatosha kabisa. Vile vya kuzuia kelele hufanya vizuri zaidi kwa mngurumo usiobadilika, kama wa jenereta, kuliko kwa sauti za watu, na nyumbani kinachokatiza kazi kwa kawaida ni sauti za watu. Ukitaka utulivu, panga saa zako za kusoma prufu wakati nyumba imetulia, na uzibebeshe saa nyingine kazi za kujumlisha majedwali na kuandika ankara.

Katika laki mbili zako, basi, tenga kwanza ya fundi na plaiwudi, taa ya kuchaji, kibodi na kipanya, kisha vitu vidogo: manila, vibanio, kalamu, kikokotoo, lenzi, saa ya kutegesha na vipokea sauti vya waya. Kinachobaki kiwekee kipimo cha macho kama unakihitaji, ama kianzie akiba ya skrini ya pili.

Skrini hiyo ninaiweka mwisho kwa sababu inasaidia kazi za PDF peke yake, ilhali kibao na taa vinasaidia zote. Wakati wake ukifika, chukua ya inchi 24. Skrini ya ukubwa huo yenye umbo la 16 kwa 9 ina upana wa sentimita 53 na kimo cha sentimita 30 hivi, na kurasa mbili za A4 zikisimama pamoja zina sentimita 42 kwa 29.7, yaani utaona muswada na prufu kwa karibu ukubwa wake halisi, jambo ambalo skrini ya inchi 19 haiwezi. Zilizotumika maofisini huuzwa kwa wingi Kariakoo, na hakuna ubaya kununua mojawapo. Nenda na kompyuta yako ili uangalie kama tundu lake linaoana na la skrini au utahitaji kiunganishi, maana skrini nyingi za zamani zina VGA peke yake na kompyuta mpya zina HDMI au USB-C. Mwambie muuzaji aiwashe, ufungue ukurasa mweupe mtupu uliojaa skrini nzima, ukague kona zote nne kama kuna madoa au weusi, kisha ufungue ukurasa wa prufu yako na uutazame kwa dakika kumi bila haraka. Skrini inayopepesa, au inayoonyesha nukta na mkato kama kitu kimoja, mrudishie hapo hapo.